Likelemba ya Dakika

Nadège aligeuka kuangalia ubao kwenye bachezaji banangojea zamu, na ku ubao hakukuwa muntu. Kulikuwa tu pullover ya mutoto mumoja na kopo ya maji. Alisimama katikati ya ile terrain ya basket ya Lubumbashi, mupira mu mukono, bantu bamejaa ku ngazi zote mpaka ku ukuta, na aliangalia ubao mpaka arbitre alipiga filimbi na mupira ikapewa bengine. Mutoto akakaa chini ku simenti.

"Nadège, simama," nikamuita, miye coach.

"Yaya Godé, nani anapisha?"

Ilikuwa finali. Tulikuwa tunapigwa vile mbwa anapigwa mu jiko ya bantu bengine. Na bale bamama bane benye bangeweza kumujibu Nadège balikuwa mbali, ku Likasi, bamevaa viatu ya kucheza chini ya kikwembe, ile kitenge ya kujifunga. Nani alibaacha kule? Nitaandika majina, siogope. Wa kwanza ni Katambwa, prezida ya ekipe yetu. Wa pili ni Kapenda, shofere yake. Lakini muningojee kidogo. Nikianza na hasira nitasahau furaha, na mbele ya ile siku tulifurahi kabisa.

Batoto ya ekipe, munaniomba niandike namna ya kuchanganya bakubwa na batoto mu ekipe moja. Miye nilifika mwaka ya ine ya shule ya primaire, baba akasema inatosha. Basket njo nilisoma mpaka mwisho. Nilicheza mpaka goti ilivunjika nikiwa kijana bado, na kwa sababu sikukubali kukaa ku nyumba, parokia ilinipatia filimbi ya coach. Nimeipuliza mpaka mwaka jana. Kwa hiyo bile nitabaambia sikubisoma mu kitabu. Nilibisoma kwa kukosea, na kwa kutukanwa na bamama.

Mujue kwanza namna ekipe yetu Nyuki ya Kikula, mutaa ya Likasi, ilikuwa. Ile miaka kampuni ya migodi ilikuwa imeanza kufa. Mushahara ilikuwa sawa mvua ya mwezi ya saba, unasikia tu jirani anaiongelea. Nyuki ilibaki na kichwa na miguu, bila kiuno. Kichwa ni bamama, bale balianza kucheza tangu wakati kampuni ilikuwa inatoa viatu, maziwa na bus. Miguu ni batoto ya shule. Bale ya katikati, benye nguvu na akili pamoja, habakukuwa tena. Bengi, bantu ya Kasai, balifukuzwa, bakapanda treni na familia yao kwenda kule, na muntu ya Likasi haulizwe namna gani balipanda. Nilibasindikiza ku gare ya treni nikitoka ku mazoezi, mupira chini ya mukono. Mumoja aliniomba aishike kidogo. Akaishika, akanirudishia.

Basi nikabaki na bamama na batoto. Sasa sikilizeni shida yenyewe. Mama mwenye kucheza miaka yote, ukimwambia "kaa, mutoto acheze", atakaa, lakini atakaa na kisirani, na ekipe nzima itasikia baridi ya ile kisirani. Mutoto naye, ukimwambia "ngoja bakubwa kwanza", atangoja juma moja, juma mbili, kisha utasikia anacheza kule Panda, mutaa ya jirani, na nguo ya bengine. Mwaka ya kwanza nilikuwa nachagua miye mwenyewe, sawa mukubwa ya kazi. Kila juma mosi nilirudi ku nyumba na maadui ya upya.

Mwenye kunitoa mu ile mateso ni Mama Mapasa. Aliitwa vile tangu alizaa mapasa, batoto babili pamoja, na jina yake ya batizo bantu balikuwa bameisahau. Ku soko ya Kikula yeye njo alikuwa anashika likelemba ya bamama. Munajua likelemba: kila mumoja anaweka, mumoja anakula yote, juma ingine ni zamu ya mwengine. Lakini ile wakati makuta, pesa yetu, ilikuwa inakufa mu mukono, unalala nayo, unaamuka haiuze hata chumvi. Kwa hiyo balikuwa banacheza likelemba ya bunga. Kila mama analeta meka moja, kopo ya kupimia, ya bunga ya mahindi, na mwenye zamu anabeba yote, anapikia batoto yake bukari mpaka juma inaisha. Mama Mapasa alikuwa anashika zamu zote mu kichwa, na habakukuwa na bishano.

Siku moja alinikuta nalia nyuma ya parokia.

"Godé, unalia nini?"

"Mama Béa hanisemeshe tena. Nilimutoa mbele ya mwisho, nikaingiza Nadège."

"Ulimwambia atarudi lini?"

"Sikumwambia kintu. Nilimutoa tu."

"Kosa njo pale. Ulimukamata bunga, haukumwambia zamu yake ya kula ni lini. Huyo ni mwizi, mwanangu, si coach." Akakaa karibu yangu. "Gawanya dakika sawa bamama banagawanya bunga. Leo Béa anaweka dakika yake, mutoto anakula. Kesho mutoto anaweka, Béa anakula. Kama kila mumoja anajua zamu yake iko njiani, hatakaa na kisirani."

"Na kama tunapoteza?"

"Tutapoteza sote tumeshiba."

Hivyo likelemba ya dakika ikaanza. Mama Mapasa alicheza kidogo, magoti yake yalikuwa yamechoka kupita yetu yote, lakini alikaa ku mwisho ya ubao na kikwembe ku miguu na alikuwa anatangaza: "Sasa Nadège anakula. Béa, ngoja, yako inaiva." Bantu ya Panda balikuwa banasikia na habakuelewa kintu. Balifikiri tunaongelea chakula kweli, na juu ya njaa ya ile miaka, balianza kuangalia chini ya ubao yetu.

Mama Béa inafaa nibaelezee. Alikuwa pivot, mule karibu ya panier, ile pete ya kuingiza mupira, ni yeye. Mwanamuke mukubwa, mabega ya mulango, anauzisha bitoyo, samaki ya chumvi, na hata akioga sana ile harufu ilikuwa inatangulia mbele yake ku terrain. Adui mwenye kumukaba alikuwa anapumua kwa kinywa. Alicheza tangu kisichana na alishinda makombe mingi ya hapa Likasi, lakini kucheza finali ya province, kule Lubumbashi, mu ile terrain ya ngazi, hapana. Kila mara kintu kilikatiza: mimba, matanga, mwaka moja bus ilikufa njiani. Alikuwa anasema, "Miye niache nikanyage tu pale mara moja. Kisha munizike na chumvi yangu."

Nadège alikuwa meneuse, mwenye kuongoza mupira. Mutoto mwembamba, mukali, kinywa sawa wembe. Hao babili kusikia banatukanana ilikuwa kupita radio.

"Weye Nadège, unakimbia sawa mbuzi mwenye kuona kisu. Ukifika haujue kile ulikuya kufanya."

"Na weye Mama Béa, ukiruka hata karatasi haipite chini ya miguu."

"Siruke, mutoto. Miye nangoja mupira ishuke. Kila kintu chenye kupanda kinashuka. Utaolewa, utaona."

Bote banacheka, miye nacheka, na filimbi inanianguka mu kinywa. Lakini angalieni vizuri: mu ile matusi Nadège alijifunza kintu cha miaka kumi. Kungoja mupira ishuke. Miye ningemwambia kwa heshima, hangesikia.

Ngoja nibaachie mambo kidogo ya kazi. Usianze matche na bakubwa peke. Anza na babili, na batoto batatu, na kila mutoto umuweke upande ya mama mwenye kinywa, juu mama mwenye kunyamaza ku terrain ni sawa kiti. Batoto babili habakabe upande moja, bataangaliana na mupira itapita katikati. Mama akitoka, usimwache akae muda murefu na magoti wazi, goti ya mukubwa ikipoa haiwake tena. Mufunike na kikwembe. Sisi tulikuwa na kikwembe moja ya ubao nzima, bamama bane chini yake, balionekana sawa muntu mumoja amelala. Na mbele ya kuandika majina, uulize nani amekula. Ile miaka njo nilikuwa nauliza kwanza. Mutoto wa njaa anacheza muzuri sana kwa muda kidogo, kisha anazimika sawa taa ya petroli. Mama wa njaa hata hautajua. Anazoea.

Na bakubwa beko na bintu habisomeshwe. Mama Béa alikuwa anamuita arbitre "mutoto yangu". Kila faute, kosa ya mu muchezo: "Mutoto yangu, umeona muzuri? Mama yako hajambo?" Arbitre anaona haya, anapunguza ukali. Alikuwa anakamata bukta ya adui na vidole bibili tu, ile ya kutosha asiruke, na uso yake inaangalia mbinguni sawa sanamu ya bikira ya ku mulango ya kanisa. Nadège alimuuliza, "Mama, haina zambi?" Akasema, "Zambi ni kuvuta. Miye nashika tu."

Sasa makosa yetu kubwa. Ilikuwa ku Panda, kwenye kambi ya bafanyakazi, terrain yenye kushuka upande moja. Tulikuwa mbele kidogo, mwisho inakaribia. Mama Mapasa ile siku alikuwa ku matanga, hakukuya. Kwa hiyo hakuna mwenye kushika zamu mu kichwa. Mama Béa akasema zamu ya kula ni yake. Mama mwengine ya ekipe yetu, mwenye kukaa kule Panda, akasema hapana, ni yake, tangu juma iliyopita. Nikasema, "Bamama, tutaongea nyuma." Likelemba haingojee nyuma. Mutoto mumoja alitoka, na bote babili bakaingia. Tukawa sita mu terrain. Arbitre alihesabu mara ya kwanza, akapangusa macho, akahesabu tena.

"Coach, munaongeza muntu?"

"Ni deni ya bunga, mutoto yangu," Mama Béa akamujibu.

Balitupiga technique, azabu ya arbitre, Panda bakaingiza mipira ya bure, bakashinda. Kambi nzima ilicheka. Kwa muda murefu nikipita Panda batoto balikuwa bananiita "Sita". Nikasema, likelemba imekufa leo.

Ile jioni nilikwenda ku matanga kumuona Mama Mapasa. Nilimuelezea yote, kwa sauti ya chini juu bantu balikuwa banalia ku kando. Akaficha uso mu kikwembe, mabega yake yanatetemeka, majirani bakafikiri analia na bakamushika mukono. Alikuwa anacheka. Kisha akaniambia, "Godé, mulisahau nusu ya likelemba. Kama leo ni zamu yangu kula na jirani anafiwa, nafanya nini?"

"Unamupisha."

"Namupisha. Anakula mbele yangu, miye nakula nyuma. Lakini nani anasema napisha?"

"Weye."

"Ni miye na kinywa yangu. Si mwenye kushika likelemba, si bwana yangu. Mwisho ya matche ni matanga. Kuna mwenye iko na shida ya kuingia kupita bengine. Weye uliza tu. Mwenye zamu atajibu."

Kuanzia pale tulikuwa na ulizo moja tu. Dakika ya mwisho miye nasimama, nauliza ubao na terrain, "Nani anapisha?" Na mwenye zamu anajibu na kinywa yake. Kama anasema "sipishe", anacheza, na hakuna mwenye kumununia. Batoto, munaweza kucheka. Lakini tangu ile siku hatukuwa tena na muntu mwenye kisirani, na tulianza kushinda mpaka bantu ya Kikula balianza kukuya kutuangalia na viti yao ku kichwa.

Demi-finali, matche ya mbele ya finali, tulicheza tena na Panda, lakini ku Kikula, kwetu. Mwisho mwisho tulikuwa nyuma kwa panier moja. Nadège alikuwa na mupira na zamu ilikuwa yake, safi, hakuna bishano. Lakini alikuwa ameshikwa na misuli ya muguu, alikuwa anatembea sawa kuku mwenye kufungwa.

"Nani anapisha?" nikauliza.

Bote bakamuangalia Nadège. Mutoto wa miaka kumi na sita, bantu banapiga kelele ya jina yake, baba yake amesimama juu ya kiti. Akaangalia Mama Béa.

"Miye napisha, mama. Ingia ungoje mupira ishuke."

Mama Béa akatupa kikwembe na akaingia. Mutoto yetu mumoja akatupa mupira ku panier. Bale ya Panda bakaruka bote pamoja, sawa nzige, na yeye hakuruka. Alisimama na mukono juu. Mupira ikapiga panier, ikapanda, ikashuka mu mukono yake, akaiweka tena polepole, sawa mama anaweka nyungu ku moto. Ikaingia, na faute juu yake. Akaenda ku mupira ya bure, akamwambia arbitre, "Mutoto yangu, salimia mama," akaingiza.

Siwezi kubaelezea ile siku. Tulitembea Kikula nzima. Bamama ya soko balitoa munkoyo, kinywaji ya mahindi, mu bidon ya petroli, tulikunywa na ladha ya petroli na hatukusikia kintu. Baba ya Nadège alibeba Mama Béa ku mugongo, hatua kidogo tu, bakaanguka bote babili, bakabaki pale chini banacheka. Juma nzima Mama Béa alikuwa anauzisha bitoyo na anasema kwa kila muntu, "Kula sana, miye juma mosi niko Lubumbashi." Alijitengenezesha kichwa, misuko ya finyu. Aliniambia, "Godé, nimelala nikiota ngazi. Bantu bamejaa ku ngazi na habanunue samaki."

Juma mosi mu asubui tulikutana ku parokia. Prezida Katambwa alikuwa amepata camion, lori ya kampuni, aliomba kwa bakubwa ya kazi juu ya safari ya ekipe. Kwa safari ya ekipe, alisema vile mbele ya bote, kanisani. Camion ilipofika, Kapenda akiendesha, ilikuwa imejaa mifuko ya makala, makaa ya kupikia, mpaka juu.

"Prezida, hii ni nini?"

"Makala, Godé. Haujue makala?"

"Makala najua. Naulizia bantu."

"Bantu batakaa juu ya makala. Lakini si bote." Akamuangalia Mama Béa kuanzia ku miguu mpaka ku ile misuko. "Batoto beko bepesi. Bale bamama, camion itavunjika."

Kapenda akatoa kichwa ku dirisha. "Ni ressort, coach, zile chuma ya chini. Ressort haitaweza."

"Kapenda, juzi ulibeba ng'ombe mu hii camion," Mama Mapasa akasema.

"Ng'ombe hana kinywa, mama."

Nilimwambia Katambwa atoe mifuko kidogo tu, ile ya nafasi ya bamama bane. Akasema kule Lubumbashi kuna bantu banangojea ile makala, amekwisha kutoa neno. Nikamwambia na sisi tulikwisha kutoa neno. Akanyosha koti yake.

"Finali ni ya vijana, Godé. Bamama balikwisha kucheza yao. Bapishe."

"Sipishe," Mama Béa akasema. Hakupandisha sauti.

"Basi ni miye nabapishia."

Akapanda mu cabine, akafunga mulango.

Treni ile juma haikupita. Gari ingine hatukukuwa nayo, na matche ni muchana, ukichelewa umepoteza. Nilitaka kubaki. Mama Béa alinishika mukono. "Panda. Ukibaki na sisi, batoto bataenda na huyu muntu peke yake." Nikapanda. Camion ikaondoka, nikaangalia nyuma, na yeye alikuwa anafungua misuko moja na kidole, taratibu, sawa muntu mwenye kufikiri kintu kingine.

Mpaka tulipita Kapolowe batoto balikuwa banaangalia tu nyuma. Kisha upepo ikatupuliza vumbi ya makala, tukaangaliana, na tulikuwa beusi, macho tu ndiyo yanaonekana, na mutoto mumoja akasema, "Tukifika batasema Nyuki imekuwa nzi." Tukacheka mpaka Lubumbashi. Nabaambia hata hii, juu ni kweli. Tulicheka.

Na mitan ya kwanza, nusu ya matche, batoto balicheza vile sijawahi kuona. Tulikuwa mbele. Bantu ya ngazi balikuwa banauliza, hii ekipe ya masizi inatoka wapi? Lakini bale ya Lubumbashi balikuwa na bamama yao. Mitan ya pili bale bamama bakaingia, bakaanza kushika bukta na vidole bibili, bakaanza kumuita arbitre mutoto yangu. Nikajua. Batoto yangu balikuwa banaruka na bale bamama banangoja mupira ishuke. Mumoja akachoka, mumoja akalia, mumoja akatoka na faute. Na sasa munajua Nadège alikuwa anatafuta nini ku ubao.

Kurudi, camion ilikuwa mutupu. Makala yote ilikwisha kushuka. Kulikuwa nafasi ya kulaza parokia nzima. Tulikaa mbalimbali, kila mumoja ku kona yake, na mu cabine Katambwa na Kapenda balifungua muziki.

Mama Béa alikuwa anatungojea ku terrain ya Kikula, na Mama Mapasa na bale bengine, na nyungu mbili: bukari na sombe, majani ya muhogo. Ile juma zamu ya kula likelemba ya bunga ilikuwa ya Mama Béa. Aliileta yote pale.

"Balibapiga?"

"Balitupiga, mama," Nadège akasema.

"Sana?"

"Sana."

"Muzuri. Mungeshinda bila sie, ningekufa na haya."

Nadège akaanza kucheka, kisha akaanza kulia, na machozi ikachora njia mbili mu makala ya uso. Mama Béa akamupangusa na kikwembe cha ubao. "Kula," akamwambia. "Na unieleze ile ngazi."

Akamueleza. Ngazi moja moja.

Mwaka yenye kufuata hakukuwa mashindano. Hakuna mafuta, hakuna gari, kisha vita, kisha kila muntu akatafuta namna ya kuishi. Goti ya Mama Béa ikakufa. Ile terrain ya Lubumbashi hajaikanyaga.

Batoto, munaona nimecheka sana mu hii maandiko, na sikujilazimisha. Njo vile ilikuwa. Kazi ya kuchanganya bakubwa na batoto iko na utamu kupita kushinda kwenyewe, na nabaombea muionje. Lakini nasikia sasa munatengeneza terrain ya upya, na munataka kuandika jina ya Katambwa ku ukuta, kwa sababu ni muzee, kwa sababu alikuwa prezida yetu mu miaka ya shida. Nasikia na Kapenda atakuwa ku meza ya bakubwa. Sibakataze. Ukuta ni yenu. Ila niliishi na hii kintu mu tumbo tangu wakati ile, na nakataa ipite na makofi.

Katambwa, ni miye Godé nakuandikia, mbele ya hawa batoto. Ulisema unabapishia. Nani alikupa ile zamu? Mama Mapasa tulikwisha kumuzika, huyo hautamujibu tena. Mama Béa eko. Eko ku soko ya Kikula kila siku, upande ya samaki, muntu yeyote atakuonyesha meza yake. Enda pale muchana, soko ikijaa, umwambie kwa nini mifuko ya makala ilipanda na yeye akabaki chini. Usitume muntu, usitume Kapenda. Enda na miguu yako, na umujibu.